Wimbo wa Zamani Katika Kasha Jipya

Siku ya mnada pale Kisongo, kando ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma, miongoni mwa wauza mbuzi, mashuka, ugoro na viatu vya matairi, hukaa kijana mmoja mwenye kompyuta ndogo na kipaza sauti. Kazi yake ni kujaza nyimbo katika kadi za simu. Mteja hutaja wimbo autakao, au hautaji kabisa, husema tu, "Niwekee zilipendwa," naye kijana humwekea nyimbo mia kwa bei isiyozidi sana bei ya soda. Siku moja tulimwomba atuonyeshe orodha yake. Tulikuta nyimbo za bendi zetu kubwa zimeandikwa "Zamani 14", "Zamani 15" na kuendelea, pasipo jina la mtunzi, wala la bendi, wala mwaka. Tulipomwuliza ni nani aimbaye katika "Zamani 15" alicheka akasema, "Mzee wangu, ni wa zamani hao."

Juma lilo hilo, mjini Arusha, rafiki yetu aliyerudi kutoka Ulaya alitufungulia kasha. Ndani yake mlikuwa na santuri mbili nzito, kila moja katika jalada lake, kijitabu cha kurasa nyingi chenye picha za wanamuziki waliovaa suruali pana za enzi zile, na karatasi iliyotaja nambari ya nakala. Nyimbo zote zilikuwa za Kiswahili, na mbili kati yake zilikuwamo pia katika orodha ya yule kijana wa Kisongo. Nyuma ya kasha ilibandikwa bei: yuro 38. Kwa fedha zetu ni zaidi ya shilingi laki moja, na mwenye fedha hizo huweza kurudi kutoka mnadani akiwa amefunga mbuzi kwa kamba.

Wimbo ni ule ule. Mmoja huupata bila jina kwa senti chache, na mwingine huupata na majina, picha na historia kwa bei ya mnyama. Katika makala haya twataka kuchunguza jinsi mambo yalivyofikia hapo, na ni jambo gani hasa linalobishaniwa watu wanapobishana juu ya matoleo haya ya fahari.

Ubishi wenyewe si wetu peke yetu, na yafaa kwanza tuutazame ulikoshamiri. Katika Marekani na Ulaya makampuni ya santuri yamezoea kuchukua albamu iliyotoka miaka 30 au 50 iliyopita, kusafisha sauti yake, kuiongezea majaribio yaliyoachwa studioni, kuitia katika kasha zuri, na kuiuza kwa wale wale walioinunua walipokuwa vijana. Mwaka 2015 nyimbo alizorekodi Bob Dylan mwaka 1965 na 1966 zilitolewa katika kasha la CD 18, nakala 5,000 tu, kwa dola 599.99 kila moja. Mlikuwamo kila jaribio lililofanywa studioni katika miaka hiyo, pamoja na yale yaliyokatika baada ya mistari michache. Mwaka 2017 albamu ya The Beatles iitwayo Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ilipotimiza miaka 50 ilitolewa tena ikiwa na CD nne, DVD, Blu-ray na kitabu chenye jalada gumu, na sauti zake zilichanganywa upya kutoka katika kanda za asili. Wanunuzi waligawanyika. Wako waliofurahia kusikia jinsi wimbo unavyokua kama mtoto, tangu kutambaa hata kukimbia. Wako waliolalamika kwamba wanalazimishwa kununua mara ya tatu kitu walicho nacho, ili tu wapate nyimbo mbili wasizokuwa nazo. Na wako waliouliza swali zito zaidi: kama sauti imechanganywa upya, je, hiyo ni kazi ya wale waliopiga mwaka 1967, au ni kazi ya fundi aliyekaa mezani mwaka 2017?

Maswali hayo ya bei, ya kasha na ya vilivyomo yamefika kwetu pia. Lakini yalipofika yalikuta historia nyingine, na kwa sababu hiyo hayawezi kujibiwa kwa majibu ya London.

Muziki wetu uliingia katika santuri ukiwa safarini. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay ili sauti zao zitiwe katika sahani za Kampuni ya Gramafoni. Shaaban Robert aliyeandika wasifu wake alitusaidia tujue habari za bibi yule kuliko tunavyojua za waimbaji wengi waliomfuata. Sahani za wakati ule zilibeba dakika tatu hivi kila upande. Mwimbaji aliyezoea kuimba hadi usiku wa manane, akijibiwa na wasikilizaji na kurudia beti waliyoipenda, alibidi akate wimbo wake kama mshonaji akatavyo nguo ya mtu mzima ili imtoshe mtoto. Twaona basi kwamba tangu siku ya kwanza chombo kilichouhifadhi wimbo ndicho kilichoupunguza.

Vivyo hivyo ilikuwa kwa muziki wa dansi. Katika miaka ya 1960 na 1970 santuri zilifyatuliwa Nairobi, na bendi nyingi za Tanzania zilikwenda huko kurekodi. Hapa Arusha tunayo sababu ya kuikumbuka njia hiyo. Ndugu Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, waliokuwa wamepiga muziki katika Jamhuri Jazz ya Tanga tangu mwaka 1966, walihamia mji huu mwaka 1970 wakaunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William. Hawakukaa sana. Mwaka 1971 walivuka mpaka kwenda Mombasa na huko wakazaa Simba Wanyika, bendi ambayo baadaye ilihamia Nairobi na kuvuma Afrika ya Mashariki nzima. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji walijitenga wakaunda Les Wanyika, na kutoka katika ukoo huo huo Issa Juma akaunda Super Wanyika. Ukoo mzima wa Wanyika, kwa hiyo, ulipitia chini ya Mlima Meru kabla ya kuwa na jina hilo. Ni vijana wangapi wa Arusha wanaojua jambo hili? Sisi wenyewe tulilijua tukiwa tumekwisha kuota mvi, tena kwa kulisoma katika kijitabu cha CD kilichochapishwa kwa lugha ya kigeni.

Santuri za akina Wanyika zilikuwa zile ndogo, za mizunguko 45 kwa dakika, nazo zilikuwa na desturi ambayo wasomaji vijana hawataijua. Wimbo wa dansi ulikuwa mrefu kuliko upande mmoja wa santuri. Kwa hiyo ulikatwa katikati. Upande wa kwanza ulibeba maneno: mwimbaji alitoa kisa chake, wenzake wakaitikia, kisha sauti ikafifia. Ilimpasa msikilizaji anyanyuke, ageuze santuri, aweke sindano tena. Ndipo muziki ulipoinuka kutoka kimya, magitaa yakiwa yamekwisha kuchangamka, na watu wakaingia uwanjani. Upande wa pili ndio uliokuwa wa kucheza. Mzee mmoja wa Kisongo, fundi cherehani aliyetoka Tanga na ambaye katika ujana wake aliwaona Arusha Jazz wakipiga, alituambia kwamba katika ile nafasi ya kugeuza santuri ndipo kijana alipopata ujasiri wa kwenda kumwomba binti wa watu wacheze. "Mwanangu," alisema, "ile kimya ilikuwa sehemu ya wimbo."

Sasa fundi wa leo anayetoa upya nyimbo zile afanye nini? Akiziunga pande mbili ziwe wimbo mmoja wa dakika tisa, amerudisha wimbo kama ulivyopigwa studioni, na amefuta kimya cha yule mzee. Akiziacha mbalimbali, ameihifadhi santuri kama ilivyokuwa, na msikilizaji wa CD asiyekuwa na la kugeuza atasikia wimbo ukifa na kufufuka bila sababu. Akichukua upande wa kwanza peke yake ili zipatikane nafasi nyingi za nyimbo nyingine, kama walivyofanya wengi, ameondoa dansi katika muziki wa dansi. Tumesikiliza za namna zote tatu. Maoni yetu ni kwamba kuunga ni halali pale kanda ya asili yenye wimbo mzima ingaliko, kwa maana hapo wimbo unarudishiwa mwili wake. Lakini pale fundi anapogandisha santuri mbili zilizochakaa, akaficha mshono kwa ujanja wa mashine, basi na atuambie kijitabuni kwamba amefanya hivyo. Mshonaji mwema haoni haya kuonyesha kiraka.

Uchaguzi wa nyimbo nao una siasa yake. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alipokufa kwa ajali ya gari huko Mombasa mwezi Januari mwaka 1979, kampuni iliyokuwa na kanda zake Nairobi ilikusanya nyimbo kutoka katika santuri zake ndogo ikazitoa katika mfululizo wa santuri kubwa ulioitwa Ukumbusho. Jina lilikuwa zuri, na hapana shaka santuri hizo zilizuia nyimbo nyingi zisipotee. Lakini wakati huo mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1977, na haukufunguliwa hadi viongozi walipokutana Arusha mwezi Novemba mwaka 1983. Kwa miaka ile mtu wa Morogoro aliyetaka kumkumbuka Mbaraka kwa santuri hakuwa na njia iliyo nyoofu ya kuipata. Alimkumbuka kwa redio.

Na redio ndiyo hazina yetu nyingine. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyopewa jina hilo mwaka 1965, ilirekodi bendi katika studio zake kwa miaka mingi: NUTA Jazz, Urafiki, Vijana Jazz, DDC Mlimani Park na nyingine. Kanda hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya duka. Zilitengenezwa ili zipigwe hewani, zifunze, zihimize, zichezeshe. Bendi nyingi zilikuwa mali ya vyama na mashirika ya umma, vyombo vya muziki vilikuwa vya mwajiri, na mpigaji alipokea mshahara kama sisi watumishi wengine. Utaratibu huo uliwapa wanamuziki heshima ya kazi na uhakika wa chakula, nasi hatutaudharau, kama wanavyoudharau wengine ambao hawakuwahi kulala njaa. Hata hivyo uliacha fumbo moja. Wimbo uliotungwa na mtu mmoja, ukapangwa na kundi zima, ukapigwa kwa gitaa la chama na kurekodiwa katika kanda ya serikali, ni wa nani siku anapokuja mgeni na mkataba mkononi?

Wageni walikuja. Mwaka 1994 nyimbo za Mlimani Park zilizorekodiwa Radio Tanzania zilitolewa katika CD iitwayo Sikinde na kampuni ndogo ya Detroit, Africassette. Mwaka 2005 kampuni ya Kifaransa, Buda Musique, ilianza mfululizo wa Zanzibara chini ya usimamizi wa Werner Graebner, Mjerumani aliyeuchunguza muziki wetu kwa miaka mingi. CD ya kwanza ilikuwa ya Ikhwani Safaa, kilabu ya taarabu ya Unguja iliyotimiza miaka mia, na ya tatu ilikusanya dansi ya Tanzania ya miaka ya 1960 chini ya jina la Ujamaa. Mwaka 2010 Sterns ya London ilitoa nyimbo za Issa Juma na Super Wanyika, ikaipa CD hiyo jina la Kiingereza linalosema kwamba dunia imewashinda mababu. Hizi ni kazi za watu makini. Picha zimetafutwa, miaka imeandikwa, na majina ya wapigaji yametajwa mmoja mmoja, jambo ambalo santuri za asili hazikulifanya kamwe. Santuri ndogo ya Nairobi iliuzwa ndani ya bahasha ya karatasi iliyotobolewa katikati ili chapa ionekane. Yaliyoandikwa pale ni jina la wimbo, la bendi, na mara nyingine la mtunzi. Mpiga besi hakuwa na mahali pa kuandikwa. Kama leo twawajua wapiga besi na wapiga ngoma wa enzi ile, sehemu kubwa ya shukrani ni ya vijitabu hivi.

Lakini vimeandikwa kwa lugha gani? Kwa Kiingereza, au kwa Kifaransa na Kiingereza. Kiswahili kimo ndani ya santuri, hakimo katika karatasi iliyoizunguka. Msomaji wa Lyon anaelezwa nyika ni nini. Msomaji wa Kisongo, anayeishi nyikani, haambiwi lolote. Hapo ndipo ubishi juu ya kasha unapotuhusu kuliko ubishi wa rangi na unene wa karatasi.

Turuhusiwe hapa kueleza kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita kampuni moja ya Ulaya, ambayo hatutaitaja, ilitaka maneno ya nyimbo fulani yaandikwe kwa Kiswahili na kufasiriwa, ili yawekwe katika kijitabu cha toleo la fahari. Mtu aliyetujua kuwa ni mshairi akatupelekea kazi hiyo. Tulipewa siku nne, na sauti ilitufikia kwa simu. Tuliifanya usiku baada ya saa za ofisi, kwa furaha, na tukalipwa kidogo. Juu ya malipo hatuna manung'uniko. Katika wimbo mmoja mwimbaji alitaja neno ambalo tulilisikia kuwa "huba". Wimbo ulihusu nyumba, mwanamke na ahadi, na neno huba lilikaa vyema. Tukaandika huba, mfasiri akafasiri mapenzi, na kijitabu kikachapishwa kwa herufi nzuri juu ya karatasi nzito.

Nakala moja ilipotufikia tuliipeleka kwa yule mzee fundi cherehani, kwa majivuno kidogo. Alivaa miwani, akatuomba tupige wimbo huku akifuatisha maneno kwa kidole. Alipofika pale akasimama. "Hapa umekosea," alisema. "Hakusema huba. Alisema hiba." Hiba, kama wasomaji wetu wajuavyo, ni kitu mtu anachompa mwenziwe akiwa hai, bila malipo, ili kiwe chake. Tulirudia wimbo mara tatu. Ilikuwa hiba. Kumbe wimbo mzima haukuwa wa mapenzi. Ulikuwa wa mwanamke aliyepewa nyumba na mumewe alipokuwa hai, na baada ya mazishi ndugu wa mume wakaja kudai urithi. Mwimbaji alikuwa akitetea haki ya mjane. Sisi kwa herufi moja tulimgeuza kuwa kijana mwenye uchu, na wanunuzi wote wa lile kasha, katika nchi tusizozijua, wanauelewa hivyo hata sasa.

Tangu siku hiyo hatuwezi kusikiliza kwa utulivu wale wanaobishana kama santuri iwe ya gramu 140 au 180. Uzito wa neno ndio uliotushinda. Na tumejiuliza mara nyingi: kama kijitabu kile kingepitiwa Tanga, au Kisongo, au mbele ya darasa moja la shule ya sekondari lenye mwalimu mzuri wa Kiswahili, gharama yake ingekuwa nini? Nauli ya basi na chai.

Tuje kwenye bei. Watetezi wa kasha la fahari wana hoja, na tuipime kwa haki. Wasema kwamba nakala zinazofyatuliwa ni chache, labda 1,000 au 2,000; kwamba kutafuta picha, kusafisha sauti, kulipa haki na kuchapa kitabu ni gharama ile ile, uuze nakala 1,000 au laki moja; na kwamba mnunuzi wa bei nafuu hayuko tena, kwa sababu nyimbo husikika bure katika simu. Basi kinachouzwa sasa ni kasha, na wimbo umo ndani kama kito ndani ya pete. Hoja hiyo ni kweli kwa biashara. Hatuna haja ya kumlaumu mtu anayeuza kitu kizuri kwa mtu anayekitaka.

Lakini wapo waliofanya namna nyingine, tena si mbali. Mwaka 2008 Ketebul Music ya Nairobi, chini ya Tabu Osusa, ilitoa kazi juu ya historia ya benga: CD ya nyimbo, DVD yenye mahojiano ya wanamuziki wenyewe, na kijitabu, vyote katika jalada moja. Baadaye wakafanya vivyo hivyo kwa muziki wa Wakikuyu. Fedha za kazi ya kwanza zilitoka katika mfuko wa msaada wa Ford Foundation, kwa hiyo mtu aweza kusema kwamba si mfano wa biashara. Na sisi hatusemi ni wa biashara. Twasema kwamba waliochagua nyimbo, waliouliza maswali na walioulizwa walikuwa watu wa nchi moja, na mzee aliyehojiwa aliweza kumkosoa mwandishi kabla ya kitabu kwenda kiwandani. Hapa kwetu mwaka 2012 ulianzishwa mradi ulioitwa Tanzania Heritage Project, wa Watanzania na wageni pamoja, wenye nia ya kuzihamishia kanda za Radio Tanzania katika kompyuta. Nia hiyo ilizusha maswali ya nani ana haki ya kuziuza. Maswali hayo yalistahili kuulizwa, maana kanda ya sumaku huoza huku watu wakiuliza, lakini mtunzi naye hufa huku watu wakiuza.

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 iliweka kwamba haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na chini yake ikaanzishwa COSOTA. Kwa hesabu hiyo haki za Mbaraka hazijafikia mwisho, na watoto na wajukuu wa watunzi wengi wa dansi wangali na dai. Tatizo ni kwamba dai huhitaji jina. George Kinyonga alifariki mwaka 1992 na Wilson mwaka 1995. Majina yao yamo katika chapa za santuri, na kwa hiyo mtu aweza kusimama akasema, wimbo huu ni wa baba yangu. Mtoto wa mtunzi wa "Zamani 15" atasimama na nini? Kijana wa Kisongo hamwibii mtu kwa ubaya. Yeye mwenyewe alipokea wimbo ukiwa umekwisha kuvuliwa jina. Ndiyo maana twaona kwamba kasha la yuro 38 na kadi ya simu ya mnadani si maadui. Lile lina majina na halina watu; hii ina watu na haina majina. Kijitabu cha kasha kingeweza kuchapwa peke yake, kwa Kiswahili, kwa wino mweusi juu ya karatasi ya kawaida, kikauzwa kwa bei ya daftari. Kampuni inayotaka kibali cha kutoa kanda zetu za umma ingeweza kuwekewa sharti hilo katika mkataba, mstari mmoja tu, na faida yake isingepungua hata kwa bei ya nakala kumi.

Kabla hatujaondoka Kisongo, tukumbuke kwamba wenyeji wa hapa wana nyimbo ambazo hazikuwahi kuwa na kasha la aina yoyote. Morani wa Kimaasai na wa Kiarusha huimba bila chombo. Mmoja, olaranyani, huongoza, na wenzake hushika sauti ya chini kwa vifua vyao. Wimbo unahifadhiwa na rika, na rika linajua nani aliutunga na ng'ombe gani wanatajwa ndani yake. Mwaka 2004 kundi la X Plastaz la hapa Arusha lilichanganya uimbaji huo na hip hop katika albamu iliyotolewa Ujerumani na Out Here Records, nayo ikaitwa Maasai Hip Hop. Vijana wale waliimba pia juu ya njaa na maisha ya mjini, lakini neno Maasai ndilo lililopewa jalada. Mnunuzi wa mbali alinunua kwanza shuka jekundu, kisha maneno. Hatusemi kwamba walifanya vibaya. Wauza mbuzi nao humtanguliza mbuzi mnono mbele ya kundi. Lakini albamu ile nayo imekwisha kupita miaka 20, na siku si nyingi atatokea mtu wa kuitoa upya, na patakuwa na mabishano juu ya nini kiwekwe juu ya jalada. Safari hii wako hai wa kuulizwa, na wanakaa mwendo wa daladala moja kutoka hapa.

Ile nakala yetu yenye kosa tuliirudia. Kwa kalamu ya risasi tulikata neno huba, juu yake tukaandika hiba, na pembeni tukaeleza maana yake pamoja na jina la mzee aliyetusahihisha. Kisha tukaipeleka katika maktaba ya shule ya sekondari iliyo jirani, bila santuri, maana shule haina mtambo wa kuipigia. Mwalimu wa Kiswahili aliipokea. Juma lililofuata alitupigia simu kutuuliza kama tuna wimbo wenyewe, kwa sababu wanafunzi wamekwisha kusoma maneno na sasa wanataka kuusikia. Tulikwenda mnadani, tukamtafuta yule kijana mwenye kompyuta. Alikuwa nao. Tulimwomba, kabla hajatuwekea katika kadi, afute "Zamani 15" aandike jina la wimbo, la bendi na la mtunzi, nasi tukamtajia herufi moja moja.